Nyumba inayoitika: kupanga taa, feni na simu za kuamrisha kwa sauti kwa mtu asiyeweza kunyanyuka

Mwongozo huu ni wa nyumba yenye mtu ambaye akili iko timamu na sauti anayo, ila mikono au miguu haimtii: aliyepata kiharusi, aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda, mwenye baridi yabisi iliyomkaza vidole, au mzee ambaye akishuka kitandani usiku peke yake anaweza kuvunjika nyonga. Vifaa vya kuamrisha kwa sauti havimrudishii mguu. Vinachompunguzia ni kuomba. Atazima taa bila kumwamsha mjukuu, atapiga simu bila mtu mwingine kusikia anampigia nani, na feni ataipunguza mwenyewe saa tisa usiku. Aliye na miguu yake hajui uzito wa hilo.

Tuelewane mapema kwamba huhitaji kununua kila kitu. Nyumba nyingi zinatosheka na simu iliyopangwa vizuri, spika moja inayosikiliza amri na plagi mbili tatu zinazoitii. Nitakwenda kwa mpangilio ninaoufuata nikiitwa kufunga vifaa hivi, na mpangilio huo hauanzii dukani.

Anza kwa kumsikiliza mwenyewe

Watoto wakichanga fedha, wao ndio huandika orodha ya manunuzi, na orodha yao huanza na taa za rangi na televisheni. Iweke pembeni kwanza. Kaa na mhusika, umuulize swali moja: tangu jana asubuhi umeita watu kwa ajili ya nini? Andika kila anachokitaja, hata kiwe kidogo namna gani.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga, aliyepooza upande wa kulia, wanawe walikuwa wameshanunua televisheni kubwa na walitaka niiunganishe na spika.

"Shikamoo, Mwalimu. Usiku huwa unaita watu kwa ajili ya nini?"

"Marahaba, baba. Pangaboi. Jioni nalitaka, joto lenyewe unalijua. Lakini ikikaribia alfajiri linanitia baridi mabegani, na shuka siwezi kulivuta. Naona haya kumwamsha mama yenu kila siku."

Televisheni hakuitaja kabisa, kwa hiyo kazi ilianzia kwenye pangaboi, yaani feni ya darini.

Orodha ikikamilika, tanguliza yale yanayotokea usiku watu wakiwa wamelala. Yafuatie yale anayoyaomba mara nyingi mchana, kisha ya kujiburudisha. Yanayohitaji mkono wa mtu kwa vyovyote, kama kugeuzwa ubavu au kunyweshwa maji, yaondoe kwenye orodha ya vifaa na uyapangie mtu. Hakuna spika itakayoyafanya, na familia ikidhani "sasa ana mashine" ikaacha kumchungulia, vifaa vitakuwa vimemdhuru.

Kisha pima sauti. Akiwa amelala au ameketi anavyokaa siku zote, weka simu hatua mbili kutoka kinywani, washa kinasa sauti, umwombe aseme sentensi chache. Rudia jioni akiwa amechoka. Sauti ya aliyeumia uti wa mgongo sehemu za shingo hukosa pumzi, na ulimi wa aliyepata kiharusi unaweza kuwa mzito zaidi ifikapo usiku. Sikiliza rekodi zote mbili. Kama wewe unayemjua unabahatisha maneno, mashine itabahatisha zaidi, na itabidi upitie njia ya sauti fupi fupi nitakayoieleza hapa chini.

Simu kwanza, spika baadaye

Simu mnayo tayari, na ndiyo itakayomfikisha kwa daktari, kwa ndugu na kwenye WhatsApp. Ukiiweka sawa, huenda ukagundua spika si ya haraka.

Kwenye simu za Android kuna programu ya bure ya Google iitwayo Voice Access, iliyotolewa mwaka 2018. Ipange hivi:

1. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Ufikivu (Accessibility), itafute Voice Access. Isipokuwepo, ipakue Play Store, kisha urudi hapo uiwashe na uiruhusu kutumia maikrofoni.

2. Chagua lugha yake. Kiswahili hakimo, kwa hiyo amri zitakuwa za Kiingereza. Zile za lazima hazizidi kumi na zinakaririka: "open WhatsApp" hufungua, "go back" hurudi nyuma, "go home" hurudi mwanzo, "scroll down" husogeza ukurasa juu ili uone vya chini.

3. Mfundishe namba. Voice Access ikiwa kazini, huweka namba ndogo kando ya kila kitu cha kubonyeza kwenye skrini. Akitaka kubonyeza kitufe chenye namba 7 anasema "tap seven". Hapo hahitaji kujua kitufe kinaitwaje kwa Kiingereza, na kwa mtu ambaye Kiingereza kilimpita pembeni hili ndilo linalofungua simu nzima.

4. Mwonyeshe namna ya kuinyamazisha: "stop listening". Bila hivyo simu itajaribu kutii mazungumzo ya sebuleni.

Kwenye iPhone hakuna cha kupakua Play Store. Tangu toleo la mfumo wake liitwalo iOS 13, la mwaka 2019, kuna Voice Control: ingia Settings, Accessibility, Voice Control, uiwashe. Nayo ina namba, kwa amri ya "show numbers", na ina gridi ya kugusa mahali popote kwenye skrini, kwa "show grid". Faida yake kubwa kwetu ni kwamba ikishapakua mafaili yake mara moja, inafanya kazi bila intaneti. Bando likiisha, bado anaiendesha simu yake na kupiga simu za kawaida.

Kwa mwenye ulimi mzito, iOS 18 ya mwaka 2024 ilileta kitu kiitwacho Vocal Shortcuts, kipo humo humo kwenye Accessibility. Unachagua tendo, unaandika neno la kuliita, kisha mhusika analitamka mara tatu kwa namna yake mwenyewe. Simu inajifunza sauti ile ilivyo. Si lazima atamke kama mtangazaji wa redio, mradi alitamke kwa namna moja kila mara. Chagua maneno mafupi yasiyofanana na asiyoyatumia kwenye mazungumzo, la sivyo simu itapigwa kila akisema "haya".

Majina ya watu kwenye simu yanahitaji kupangwa upya. Msaidizi wa sauti aliyemo kwenye simu anasikia Kiingereza, na akiambiwa ampigie Mwanakombo hutafuta mbinguni na ardhini. Hifadhi namba ileile kwa jina la pili fupi ambalo sikio la Kiingereza linalipata: Mwanakombo awe "Combo", daktari awe "Doctor", jirani mwenye ufunguo awe "Number One". Kisha jaribuni "call Combo" mbele yake mpaka simu iite kweli.

Kuandika ni habari nyingine, na hapo Kiswahili kipo. Kibodi ya Google, Gboard, inapokea imla ya Kiswahili tangu 2017. Ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi, kisha kwa mguso mmoja wa alama ya maikrofoni anaongea na maneno yanaandikwa. Huwa inakosea majina ya mitaa na inaunganisha maneno ovyo, lakini ujumbe unaeleweka. Asiyeweza hata huo mguso atabaki na imla ya Kiingereza, au apange mtu wa kumrekodia ujumbe wa sauti.

Pesa za simu ziache nje ya mpango huu. Namba ya siri ya M-Pesa au ya benki haitamkwi kwa sauti ndani ya nyumba yenye watu wanaoingia na kutoka.

Intaneti na umeme

Spika na plagi hizi nyingi hupeleka sauti au amri kwenye mitambo ya kampuni, ng'ambo, kisha jibu hurudi. Mtandao ukikatika, spika huwa pambo. Bando linalohitajika kwa amri zenyewe ni dogo. Kinachokula ni muziki na video.

Usitegemee Wi-Fi ya simu ya mtu. Simu ikienda sokoni, nyumba nzima inazimika masikio. Nunua ruta inayokaa nyumbani, ya laini au ya faiba, iwe chumba kimoja au viwili kutoka kitandani.

Plagi na balbu nyingi hutumia masafa ya 2.4GHz tu. Ruta nyingi za sasa hutoa 2.4 na 5 kwa jina moja, na hapo ndipo mafundi hupoteza mchana mzima: simu iko kwenye 5, plagi inaitafuta 2.4, hawakutani. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, zima 5GHz kwa muda, unganisha vifaa vyote, kisha uiwashe tena.

Na shika hili, litakuokoa: ukibadilisha ruta siku moja, ipe ruta mpya jina lilelile na nywila ileile ya zamani, herufi kwa herufi. Vifaa vyote vitarudi vyenyewe bila kuunganishwa upya.

Kwa kukatika kwa umeme, kuna betri ndogo za ruta, mafundi wanaziita mini UPS. Kabla ya kununua soma kibandiko cha chaja ya ruta yako: kama imeandikwa 12V, betri nayo itoe 12V, kama ni 9V au 5V, vivyo hivyo. Simu yenye chaji pamoja na ruta yenye betri ndogo zinatosha kumwacha na mawasiliano wakati nyumba ina giza.

Spika: ipi, wapi, na kwa jina la nani

Amazon walianza kuuza Echo mwaka 2014, Google wakafuata na yao 2016. Kwa kazi ya kuwasha na kuzima, zote mbili zinafaa; chukua ile ambayo kuna mtu karibu anaijua. Zote ninapoandika haya hazipokei Kiswahili. Tena usizitegemee kupiga namba za dharura kutoka Afrika Mashariki. Simu za dharura zipigwe na simu.

Iweke karibu na kinywa, siyo karibu na soketi. Mita moja hadi moja na nusu kutoka kwenye mto wa kulalia, upande anaougeukia akilala, mbali na dirisha la barabarani, na isiwe mbele ya upepo wa feni, kwa sababu upepo ukipiga maikrofoni spika inasikia kimbunga.

Akaunti iwe ya mwenyewe, kwa barua pepe yake, hata kama kijana ndiye anayeiandika. Nyumba nyingi akaunti huwa ya mpwa aliyekuja likizo. Likizo ikiisha, mpwa yuko Dodoma na mamlaka yote ya taa za mjomba wake yako mfukoni mwake. Akibadilisha simu akasahau nywila, kila kitu kinaanza upya. Wengine waongezwe kama wanafamilia, na mwenyewe aamue nani abaki.

Sasa majina ya vifaa. Hapa ndipo mfumo hufaulu au hufeli, na watu wanapapita haraka. Kila kifaa kipe neno moja la Kiingereza ambalo yeye analitamka vizuri, na majina yasifanane mwanzo. "Bedroom light" na "bathroom light" zitagombana kila siku. Afadhali taa ya kitandani iitwe "lamp", ya chooni iitwe "toilet", feni iitwe "fan". Wanaochanganya r na l, nao ni wengi na hakuna aibu, wakwepe "right" na "left" kabisa. Mwache ajaribu kila jina, na lile linalokataa libadilishe wewe kwenye programu. Usimfundishe mzee matamshi.

Kwenye programu kuna kitu cha kuunganisha spika na vifaa vya chumba kimoja. Ukifanya hivyo, akiwa chumbani anasema tu "turn off the light" na inazimika ya pale alipo.

Kuna pia ratiba. Yule Mwalimu wetu baada ya muda hakuhitaji hata kusema: feni ilipangiwa kushuka yenyewe saa kumi alfajiri, na amri ya sauti ikabaki ya siku za joto la ajabu. Ninaipenda ratiba kuliko amri, kwa sababu koo halichoki. Halafu tengeneza amri moja ya kulala, kwa mfano "good night", izime taa za sebuleni, televisheni na kuacha taa ndogo ya chooni.

Kuhusu siri za ndani: spika hizi husubiri kuitwa, lakini huitika pia kimakosa, na rekodi zinaweza kuhifadhiwa kwenye akaunti. Ingia sehemu ya faragha ya programu uchague zisihifadhiwe, kisha mweleze mwenyewe na wageni wake wa karibu kwamba kipo kifaa kinachosikiliza. Kitufe cha kuzima maikrofoni kipo juu au nyuma ya spika, ila yeye hakifikii; wakati wa kuogeshwa au wa mazungumzo na daktari, anayemhudumia akibonyeze bila kusubiri kuombwa.

Kama nyumbani kuna kijana wa kompyuta mwenye subira, ipo njia ya Kiswahili: programu huria ya Home Assistant, inayokubali sentensi unazojiandikia mwenyewe, ikiunganishwa na Whisper, ambayo inaelewa Kiswahili kilichotamkwa. Inaendeshwa kwenye kompyuta iliyo ndani ya nyumba, kwa hiyo hata intaneti ikikatika inaendelea. Lakini kompyuta iwe na nguvu, na kijana asiwe wa kuhama mwezi ujao.

Plagi, taa na pangaboi

Plagi janja ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua. Inachomekwa kwenye soketi, feni ya mezani au taa inachomekwa juu yake, basi. Hakikisha feni ni ya vitufe vya kukaza au ya kuzungusha, ile ambayo ukikata na kurudisha umeme inaendelea yenyewe. Feni ya vitufe laini vya kielektroniki ukirudisha umeme hubaki imezima mpaka mtu aiguse.

Soma kibandiko. Plagi ya ampea 13 kwenye umeme wetu wa volti 230 inabeba takriban wati 3,000, ya ampea 10 wati 2,300. Feni haifiki hata wati 100, kwa hiyo haina shida. Birika la umeme, pasi, hita na jiko usiviunganishe hata kama plagi inavimudu. Kitu cha moto kisiwashwe kwa neno lililosikika vibaya katika nyumba ya mtu asiyeweza kukimbia.

Na hii isomwe mara mbili: mashine ya oksijeni, pampu ya godoro la hewa la kuzuia vidonda, au mashine yoyote ya tiba isipite kwenye plagi janja. Neno moja la kwenye tamthilia linaweza kuizima usiku.

Ndugu wa ughaibuni hupenda kutuma vifaa. Wa Marekani mwambie asitume plagi wala balbu: za kule nyingi ni za volti 120, hapa zitaungua. Spika anaweza kutuma, chaja zake kwa kawaida hupokea volti 100 hadi 240. Asome kibandiko kwanza. Wa Uingereza, Muscat au Dubai atume tu, soketi zao ni za pini tatu bapa kama zetu za Tanzania, Kenya na Uganda.

Balbu janja ni rahisi kufunga kuliko kitu chochote, angalia tu kama kishikio chako ni cha kuzungusha au cha pini mbili. Tatizo lake liko ukutani. Swichi ikizimwa, balbu haina umeme na haisikii amri ya mtu. Na ukubali kwamba kila anayepita atazima, maana tumelelewa kuzima taa tukitoka chumbani. Bandika utepe wa gundi juu ya swichi ikiwa imewashwa, andika "USIZIME, TAA YA BABU". Watoto ndani ya siku chache wanazoea. Wageni hawazoei.

Ukichoka na gundi, mwite fundi umeme abadilishe swichi yenyewe iwe janja; hiyo hukubali mkono na sauti vyote. Swichi janja nyingi zinahitaji waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, na nyumba zetu nyingi hazina nyutro kwenye boksi la swichi, imeishia darini. Fundi afungue aangalie kabla hujanunua, na awe na leseni: Tanzania inatolewa na EWURA, Kenya na EPRA.

Pangaboi lenye kidhibiti mwendo cha kuzungusha ukutani ni kisiki. Swichi janja ya kawaida inaliwasha na kulizima tu, mwendo halibadilishi, na swichi za kufifisha taa hazifai kabisa kwa mota. Linunuliwe la rimoti, au ifungwe swichi iliyotengenezwa mahususi kwa feni. Kwa Mwalimu tulichukua la rimoti.

Mpangilio mmoja wa mwisho hapa. Ndani ya programu ya balbu na plagi tafuta sehemu inayosema kifaa kifanye nini umeme ukirudi. Balbu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangiwa kuwaka kwa nguvu zote. Umeme ukikatika saa nne na kurudi saa nane usiku, chumba kinakuwa uwanja wa mpira. Weka ikumbuke hali iliyokuwepo.

Vyenye rimoti

Televisheni ya zamani, king'amuzi, kiyoyozi na pangaboi la rimoti vyote huendeshwa na kisanduku kimoja kidogo kinachotoa miale kama ya rimoti; Broadlink na SwitchBot wanavitengeneza. Unaelekeza rimoti ya kawaida kwenye kisanduku, unabonyeza kitufe, kinajifunza. Hakikisha rimoti yako ni ya miale kweli, kwa sababu baadhi ya mapangaboi mapya yana rimoti za mawimbi ya redio, na kisanduku cha bei ndogo hakizisomi.

Miale haipiti ukuta wala pazia, kwa hiyo kiwekwe mahali kinapoviona vifaa vyote. Jua pia kwamba kisanduku hakijui kama televisheni imewaka. Kitufe cha kuwasha na cha kuzima ni kilekile. Mjukuu akiizima kwa mkono, babu akisema "turn off" inawaka. Kiyoyozi hakina tabia hiyo, kila amri yake hubeba hali nzima na nyuzi joto zake.

Mlango

Mimi ni mzito kwenye kufuli za kuamrisha kwa sauti. Spika zikiombwa kufungua mlango hudai namba ya siri itamkwe, na aliye nje dirishani anaisikia. Kamera ya mlangoni inayoonyesha kwenye simu nani anabisha hodi ni msaada mkubwa zaidi kwa gharama ndogo. Swali la kweli la mlango ni moto: nyumba ina nondo na makufuli, aliye ndani hawezi kutoka. Jirani wa karibu awe na ufunguo, na namba yake iwe ile ya "Number One".

Siku vinapogoma

Mvua kubwa ikipiga bati, hakuna maikrofoni inayosikia kitu. Amri tatu zikikataa, mtu hupandisha sauti, anakohoa, anakata tamaa. Kwa hiyo kila nyumba iwe na njia ya pili isiyotegemea sauti, intaneti wala umeme wa ukutani: kengele ya betri ya mlangoni, zile za kitufe kisicho na waya. Kitufe kishonewe kwenye mto au kifungwe kwenye ukingo wa kitanda mahali kiungo chake kinachofanya kazi kinapofika, iwe kiwiko, goti au shavu. Kengele yenyewe ikae chumbani kwa anayeamka haraka. Mahali ambapo hata hilo haliwezekani, alale mtu chumba kimoja naye usiku wa mvua.

Spika ikigoma bila mvua, fuata mfuatano huu: angalia kama simu ina intaneti, kama haina, zima ruta, hesabu hadi thelathini, washa. Kama intaneti ipo na kifaa kimoja tu hakitii, angalia swichi ya ukutani kabla ya kugusa kitu kingine. Mara nyingi ni hiyo.

Andika kwa kalamu, kwenye karatasi moja: jina na nywila ya Wi-Fi, barua pepe ya akaunti, majina ya vifaa kama yanavyotamkwa, namba ya fundi. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la mhusika. Nywila ya akaunti yenyewe isiandikwe humo. Akae nayo yeye na mtu mmoja anayemwamini. Betri ya kengele ijaribiwe kila mwanzo wa mwezi, na wa kuijaribu ni yeye mwenyewe, kwa kiungo atakachokitumia siku ya shida.